Je, Wajua? Muda Unaoisubiri Kompaila Ulipangwa na Aliyeibuni Lugha

Ukitoka Njiro, kilipo Chuo cha Uhasibu Arusha, ukaenda hadi Tengeru, ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, utakuta vijana wengi wanaoandika programu wakiwa wameinamia laptopu za mtumba. Wanabonyeza, halafu wanasubiri. Feni inavuma, mstari wa maendeleo unajikokota, na umeme ukikatika wakati betri imechoka, kazi inaanza upya. Wengi wameshajiaminisha kwamba tatizo ni mashine tu, na kwamba siku wakipata yenye RAM ya kutosha mambo yatanyooka. Wako sahihi kwa kiasi. Lakini kiasi kikubwa cha kusubiri huko kiliamuliwa zamani, na watu waliokaa kubuni lugha yenyewe: nini kiandikwe wapi, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) isome nini kabla ya nini, na kazi gani ifanywe sasa au baadaye. Mwenye mashine dhaifu anayajua haya kwa uchungu kuliko mwenye mashine kali, kwa hiyo ndiye anayestahili kuyafahamu zaidi.

Mistari mitano inayozaa maelfu

Je, wajua kwamba programu fupi kabisa ya C++, ile ya kumsalimu mtumiaji, huwa na maelfu kwa maelfu ya mistari kabla kompaila haijaanza kuitafsiri? Ukiwa na kompaila ya GCC unaweza kujionea. Andika faili la mistari mitano, liite salamu.cpp, mstari wa kwanza uwe #include <iostream>, kisha toa amri g++ -E salamu.cpp | wc -l. Hapo kompyuta inakuhesabia mistari ya faili lako baada ya maagizo yote ya #include kutekelezwa. Idadi hutofautiana kwa toleo, ila tarajia kuvuka 20,000. Jaribu hivyo hivyo kwa C na stdio.h, utapata mamia tu.

Chanzo chake ni uamuzi wa miaka ya 1970. Katika C, lugha ya Dennis Ritchie wa Bell Labs, #include ina maana moja tu: chukua faili lile lote ulibandike hapa. Mafaili yanayobandikwa huitwa vichwa, na ndiyo yanayoijulisha kompaila kwamba kazi (function) fulani ipo na inapokea nini. Kila faili la mradi hukompailiwa peke yake, na kompaila haikumbuki kwamba kichwa kile kile imekisoma sasa hivi kwa ajili ya faili la jirani. Ni kama kikao cha mahari ambacho kila mzee anayesimama analazimika kuutaja upya ukoo wote tangu babu wa babu, kisha ndipo aseme alichotumwa. Wazee wawili si neno. Wakiwa elfu mbili, mtalala hapo hapo.

Rob Pike, ambaye alifanya kazi Bell Labs kabla ya kwenda Google, ameeleza mfano wa mwaka 1984. Programu ndogo ya Unix iitwayo ps, inayoorodhesha kazi zinazoendelea kwenye mashine, ilipofuatiliwa wakati wa kukompailiwa, kichwa kimoja, sys/stat.h, kilionekana kuitwa mara 37. Mara 36 kati ya hizo kilichomo kilitupwa, kwa kuwa kilishapatikana mara ya kwanza. Faili lilifunguliwa, likasomwa, likapekuliwa mwanzo hadi mwisho, kisha likatupwa.

Miaka ishirini na mitatu baadaye jambo hilo lilikuwa limenenepa. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walipima ukompailiaji wa programu yao moja kubwa ya C++. Ilikuwa na mafaili kama 2,000, na yote yakiunganishwa yalikuwa MB 4.2. Vichwa vilipomaliza kubandikwa, kilichoingia kwenye kompaila kilizidi GB 8. Yaani kila baiti moja iliyoandikwa na binadamu ilimfikia mtafsiri ikiwa baiti 2,000. Na hapo walikuwa na kompyuta nyingi zikigawana kazi! Kijana wa Sakina hapa Arusha mwenye mashine moja asione aibu C++ ikimchelewesha.

Lugha iliyozaliwa watu wakisubiri

Je, wajua kwamba lugha ya Go ilianza kufikiriwa wakati wabunifu wake wakisubiri kompaila? Pike anasimulia kuwa ujenzi wa programu aliyokuwa akiishughulikia ulichukua kama dakika 45. Katika kusubiri huko, Septemba 2007, yeye, Robert Griesemer na Ken Thompson walianza kuchora lugha mpya. Ilitangazwa kwa umma Novemba 2009, na toleo la 1 likatoka Machi 2012.

Uharaka wa kompaila ya Go haukutokana na ujanja wa kuongezwa baadaye. Ulitokana na masharti waliyoyaweka ndani ya lugha. Sharti la kwanza: ukiita kifurushi usichokitumia, programu haikompailiki. Wageni wengi wa Go hukasirishwa na hilo. Unafuta mstari mmoja wa majaribio, kompaila inakufokea kwamba sasa kifurushi fulani hakina kazi. Mimi nalitetea. Katika C++ vichwa visivyo na kazi hubaki miaka, hakuna anayethubutu kuviondoa, na kila mtu anavilipia kila siku. Go inakudai usafi leo ili kesho usisubiri.

Sharti la pili: vifurushi viwili haviruhusiwi kuitana kwa mzunguko. Kama A anamtegemea B, B hawezi kumtegemea A. Hivyo daima kuna mpangilio ulio wazi wa nani aanze, na visivyotegemeana vinaweza kujengwa kwa pamoja kwenye viini vyote vya prosesa.

La tatu ndilo lenye uzito zaidi. Kifurushi kikishakompailiwa, faili lake huanza na muhtasari wa yote ambayo wengine watahitaji kuyajua kukihusu, pamoja na yale kiliyoyachukua kwa vifurushi vilivyo chini yake. Anayekiita husoma muhtasari huo mmoja na kuishia hapo. Hakuna kurudi kuuliza ukoo. Java nayo ilikuwa na wazo la jirani tangu 1995: faili la .class hubeba lenyewe maelezo ya kilichomo, hivyo hakuna vichwa. Ndiyo maana javac yenyewe hufanya kazi upesi. Wanaolalamika kuhusu Java mara nyingi wanachosubiri ni zana za ujenzi zilizoizunguka.

Kutoka Zürich hadi laptopu yako

Je, wajua kwamba nyuma ya habari hii kuna mwalimu mmoja wa Uswisi? Niklaus Wirth, aliyefariki tarehe 1 Januari 2024, alichapisha lugha ya Pascal mwaka 1970 akiwa ETH Zürich. Katika Pascal, kila jina lazima litangazwe kabla ya kutumiwa. Mwanafunzi huliona hilo kama usumbufu, lakini linaiwezesha kompaila kupita juu ya faili mara moja tu, juu hadi chini, bila kurudi nyuma kutafuta maana ya jina.

Wirth alikuwa na kanuni kali. Michael Franz, aliyekuwa mwanafunzi wake, amesimulia kwamba kila mbinu mpya ya kuboresha msimbo ilipaswa kujilipia: kompaila yenye mbinu hiyo ilijikompaili yenyewe, na kama ilichukua muda mrefu kuliko awali, mbinu iliachwa. Faida ilibidi izidi gharama mbele ya saa.

Enzi Pascal ilipotoka, kwingi duniani kompyuta ilikuwa mali ya idara, na kazi ilipelekwa kwa kadi zenye matundu ukarudi baadaye kuchukua majibu. Kwetu Tanzania, kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa baadaye. Kwa mtu wa kadi, kosa moja la alama ya nukta lilimgharimu siku nzima.

Ndipo Novemba 1983 ikaja Turbo Pascal. Kompaila yake iliandikwa na kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg, ikauzwa dola 49.95, bei ya chini mno kwa wakati ule. Mhariri na kompaila vilikaa pamoja kwenye kumbukumbu: unaandika, unabonyeza, unaona kosa lako pale pale mstari ulipo. Toleo la 3.02 la mwaka 1986 lilikuwa faili la baiti 39,731, kompaila na mhariri humo humo. Picha moja ya simu yako leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mashine za wakati ule zilikuwa dhaifu kuliko simu ya kitochi ya leo, lakini mtu hakusubiri, kwa sababu lugha ilibuniwa isimsubirishe.

Hejlsberg alikwenda Microsoft, akaongoza ubunifu wa C#, kisha TypeScript iliyotoka 2012. TypeScript ilikua ikawa nzito, kwa sababu kompaila yake iliandikwa kwa TypeScript yenyewe na kuendeshwa juu ya JavaScript. Machi 2025 alitangaza kwamba kompaila hiyo inahamishiwa kwenye lugha nyingine. Mradi wa VS Code, wenye mistari kama milioni 1.5, ulikuwa ukichukua sekunde 77.8 kukaguliwa, kwa kompaila mpya ukachukua sekunde 7.5. Na lugha waliyoichagua ni Go. Griesemer, mmoja wa watatu walioianzisha Go, alisomea ETH Zürich, chuo kile kile cha Wirth, na mpangilio wa vifurushi vya Go una damu ya Modula-2 na Oberon, lugha ambazo Wirth alizibuni baada ya Pascal. Anayeandika tovuti kwa TypeScript hapa Kijenge ananufaika na msimamo wa mwalimu yule kwa njia mbili, kupitia Hejlsberg na kupitia Go, na huenda hajawahi kusikia jina lake.

Hewa ya Meru na feni ya laptopu

Je, wajua kwamba urefu wa ujenzi unabadilisha kasi ya prosesa yenyewe? Prosesa za laptopu huruhusiwa kukimbia kupita kiasi chao cha kawaida kwa muda mfupi, mara nyingi kuanzia sekunde chache hadi kama dakika moja. Baada ya hapo hurudi chini, na joto likikaribia nyuzi 100 hujipunguza zaidi ili zisiungue. Kwa hiyo ujenzi wa sekunde kumi unaisha wakati mashine bado inakimbia. Ujenzi wa dakika kumi unafanyika karibu wote mashine ikiwa imeshachoka. Lugha inayokompailiwa upesi inavuna mara mbili: kazi ni ndogo, na inafanywa kwa mwendo wa kasi.

Sasa Arusha ina hali yake. Mji umekaa kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni ikizunguka vile vile, inapitisha hewa pungufu kwa uzito, hivyo inabeba joto pungufu. Kwa upande mwingine, hewa ya hapa ni ya baridi kuliko ya Dar es Salaam kwa nyuzi kadhaa, na hewa ya baridi inafyonza joto vizuri. Mambo haya mawili yanakaribia kufutana. Usiku wa Juni na Julai, ule wa kuvaa koti ndani ya nyumba, mlima unashinda na mashine inapumua. Mchana wa Februari, laptopu ikiwa imewekwa juu ya blanketi na vumbi limeziba matundu, hakuna mlima wa kuisaidia. Safisha feni kabla hujalaumu lugha.

Nuru, na muda uliohamishwa

Je, wajua kwamba Tanzania ina lugha ya programu inayoandikwa kwa Kiswahili? Inaitwa Nuru, ni ya wazi kwa kila mtu, na imejengwa kwa Go. Ndani yake unaandika andika("Habari za Arusha"), na masharti na mizunguko hutumia maneno kama, sivyo na wakati. Kazi ikimaliza inatoa jibu kwa rudisha.

Nuru haikompaili. Inasoma msimbo wako, inaujenga kuwa mti wa maelekezo, kisha inaupitia mti huo na kutekeleza tawi kwa tawi. Kwa anayejifunza hiyo ni neema, maana kati ya kubonyeza na kuona jibu hakuna kitu cha kusubiri. Gharama inakuja programu inapokuwa ndefu na mzunguko unapojirudia mara milioni, kwani mti unapitiwa upya kila mara. Python hufanya jambo linalokaribiana: hutafsiri msimbo upesi kuwa maelekezo ya kati, huyahifadhi kwenye folda ya __pycache__ kwa ajili ya moduli zinazoitwa, kisha kazi kubwa hubaki wakati wa kuendesha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mabishano mengi ya vijiweni hulisahau. Ubunifu wa lugha mara nyingi hauondoi kazi, unaihamisha. Unaweza kuilipa wakati wa kujenga, ukawa na programu nyepesi kwa wote watakaoitumia. Au ukailipa wakati wa kuendesha, na wewe mwandishi ukafanya kazi kwa raha. Swali la haki ni nani anabeba mzigo. Programu ikitumiwa na watu laki moja wenye simu za bei nafuu, mimi niko tayari kusubiri kwa niaba yao. Ikiwa ni hati ya kupanga majina ya wanafunzi mara moja kwa muhula, kusubiri ni hasara tupu.

Dart, lugha iliyo chini ya zana ya kuundia programu za simu iitwayo Flutter, ilikataa kuchagua upande mmoja. Unapoandika programu, inaendeshwa na mashine inayotafsiri papo kwa papo, hivyo unabadilisha rangi ya kitufe na mabadiliko yanatokea kwenye simu ndani ya muda wa kupepesa jicho, bila kupoteza ukurasa uliokuwapo. Unapoitoa kwa watumiaji, msimbo ule ule unakompailiwa wote mapema kuwa lugha ya prosesa. Haiwezekani kufanya hivyo kwa lugha yoyote tu. Ilibidi iwekwe kwenye msingi. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyoifanya Flutter, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, ipendwe na vijana wanaojifunza wenyewe.

Kompaila iliyotaja namba tasa

Je, wajua kwamba mwaka 1994 kulikuwa na programu ya C++ ambayo haikukompailika, na hilo ndilo lililokuwa lengo lake? Erwin Unruh aliwaonyesha wenzake kwenye kamati ya viwango ya C++ msimbo ambao kompaila ilipojaribu kuutafsiri, ilitoa orodha ya makosa, na ndani ya makosa hayo zilikuwamo namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kompaila ilikuwa imezikokotoa yenyewe! Violezo vya C++, vilivyobuniwa ili mtu aandike msimbo mmoja utumike kwa aina nyingi za data, viligeuka kuwa lugha kamili ndani ya lugha. Mtu anaweza kuipa kompaila hesabu yoyote, hata isiyoisha, na ndiyo maana kompaila huwekewa kikomo cha kina cha violezo.

Swift ya Apple, iliyotoka 2014, ina ugonjwa wa jamii hiyo. Alama ya kujumlisha inaweza kuwa na maana nyingi, na namba iliyoandikwa wazi inaweza kuwa ya aina nyingi. Ukiunganisha vipande kadhaa kwenye mstari mmoja bila kutaja aina, kompaila inalazimika kujaribu michanganyiko, na michanganyiko huzidishana. Mstari mmoja mfupi unaweza kuifanya ikate tamaa na kukuomba uugawe. Ukiandika aina ya kigezo kimoja tu, ujenzi unaweza kuwa wa haraka.

Rust: unachokilipia

Rust, iliyofikia toleo la 1.0 Mei 2015, inasifika kwa usalama na kulaumiwa kwa ucheleweshaji. Wengi hudhani mkaguzi wake wa umiliki wa kumbukumbu ndiye mchelewaji. Kwa kawaida siye. Muda mwingi huliwa na hatua za mwisho: kila kazi ya jumla hunakiliwa upya kwa kila aina inayotumiwa nayo, kisha marundo hayo yanakabidhiwa zana iitwayo LLVM yaboreshwe, halafu yaunganishwe. Ukiwa na orodha ya namba, ya maneno na ya tarehe, kuna nakala tatu za msimbo wa orodha. Matokeo yake ni programu ya kasi. Mwenye mashine dhaifu atumie cargo check wakati anaandika: inakagua makosa yote ya aina na umiliki bila kuzalisha msimbo wa mashine, na cargo build aiache hadi atakapotaka kuendesha.

Simu iliyo mfukoni

Je, wajua kilichohitajika kuujenga mfumo wa Android wenyewe? Maelekezo rasmi ya mradi huo yameeleza kwamba Google hutumia mashine zenye viini 72 na RAM ya GB 64, na hapo ujenzi kamili huchukua kama dakika 40. Kwa mashine ya viini 6 yenye RAM kama hiyo, ni kama saa 6.

Kujenga programu moja ya Android ni kazi ndogo kuliko hiyo, lakini angalia inavyogawana laptopu yako. Mradi mpya wa Android Studio huja na mstari kwenye faili la gradle.properties unaoruhusu Gradle, zana yake ya ujenzi, kutumia hadi MB 2,048 za kumbukumbu. Kwenye mashine ya GB 4, hiyo ni nusu. Mfumo endeshi unataka chake, Android Studio inataka chake, na kompaila ya Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, huendeshwa kando ikiwa na fungu lake. Kumbukumbu ikijaa, mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ikiwa ni ile ya kuzunguka, utasikia inavyohangaika. Mahitaji rasmi ya Android Studio yenyewe ni GB 8 kwenda juu.

Kotlin nayo ina hadithi yake ya ubunifu. Kwa miaka mingi maktaba za kuzalisha msimbo zilipitia njia iitwayo KAPT, ambayo iliandika kwanza nakala tupu za Java kwa kila faili la Kotlin ili zana za Java zizielewe. KSP iliondoa mzunguko huo kwa kuzisoma alama za Kotlin moja kwa moja, na inaweza kuwa na kasi hadi mara mbili. Mei 2024 ikaja Kotlin 2.0 na kompaila iliyoandikwa upya, K2. Kama mradi wako wa zamani bado una kapt kwenye build.gradle, hapo pana dakika zako.

Halafu kuna bando. Ujenzi wa kwanza hushusha Gradle yenyewe na maktaba zote, mamia ya MB. Hushushwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye folda ya .gradle, anayeifuta ili kupata nafasi ya diski anaulipia mtandao mara ya pili. Gradle ina hali ya bila mtandao, --offline, na wanafunzi wa chumba kimoja wanaweza kunakiliana folda hiyo kwa flashi.

Chipu ndogo kuliko vichwa vyake

Pale Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, kuna shahada ya uzamili ya mifumo iliyopachikwa na ya simu, na kwenye fani hiyo C na C++ bado zinatawala. Tuseme mwanafunzi anatengeneza kipima unyevu cha shamba la kahawa kwa bodi ya Arduino Uno. Chipu yake, ATmega328P, ina KB 32 za kuhifadhi programu na KB 2 za RAM. Maandishi ya vichwa ambayo kompaila inayasoma ili kumtengenezea programu hiyo yanazidi KB 32 kwa urahisi. Laptopu inasoma vitu vingi kuliko chipu inavyoweza kubeba, kisha inatupa karibu vyote.

Mabandiko zaidi ya 2,200

Deni la #include halijaisha kulipwa. Januari 2022 Ingo Molnár, mmoja wa wahandisi wakongwe wa Linux, aliwasilisha mabandiko, yaani marekebisho ya msimbo, zaidi ya 2,200 ambayo kazi yake kuu ilikuwa kupanga upya vichwa vya kiini cha Linux: nani amwite nani, nini kitolewe kwenye kichwa kipi. Alikuwa ameishughulikia kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka. Kwenye mashine yake ya majaribio, kiini kilichokuwa kikijengwa mara 15 hivi kwa saa kikaweza kujengwa mara zaidi ya 27, kwa kompaila ile ile na prosesa ile ile. Rundo lile halikuingizwa lote kwa pamoja.

Mtaalamu wa programu Fabrice Bellard alikuwa amepita njia nyingine kabisa mwaka 2004. Alichukua kompaila yake ndogo ya C, TCC, inayokataa karibu maboresho yote ili iwe na kasi, akaifanya iwashe kompyuta. Ukibonyeza kitufe, ilisoma msimbo wa kiini cha Linux, ikaukompaili na kuuendesha, kila mara mashine inapowashwa. Kwenye Pentium 4 ya GHz 2.4, ukompailiaji ulichukua chini ya sekunde 15. TCC bado inapatikana bure, ni ndogo kuliko picha ya simu, na anayejifunza C kwenye laptopu ya GB 2 anaweza kuishusha kwa bando la siku.